Mahali pa Clodomira kwenye Foleni

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Clodomira Villalón hakuwa akielewa filamu. Sikumdharau kwa hilo. Nilimpenda, kama tulivyompenda sote tuliosimama naye foleni kila Desemba, tamasha la filamu linapoingia Havana na nusu ya wakazi wa mtaa wetu wa Vedado wanapochukua likizo zao ili wakakae gizani. Lakini mimi nilisomea historia ya sanaa, na elimu ya namna hiyo, hata isipompatia mtu kazi ya maana, humwachia tabia ya kuwasahihisha wenzake kimoyomoyo. Clodomira alikuwa akisimulia filamu niliyoitazama jana yake, akiisimulia kwa sauti za wahusika wote, kwa mikono, kwa nyusi, hadi walio mbele yetu wakageuka kusikiliza. Kisha alifika mwisho, na hapo, karibu kila mara, alikosea.

"Yule mama akamrudia mumewe," alisema siku moja.

"Lakini alipanda meli, Clodomira."

"Alipanda, ndiyo. Akashuka."

Wenzetu wakacheka, nami nikacheka, huku nikijiambia kwamba kichwa chake kilikuwa kama chujio: kilishika yote makubwa, kikayaachia yale yaliyobeba maana. Hivyo ndivyo nilivyomweka katika hesabu zangu, na nilimwacha humo kwa muda mrefu kuliko inavyonipendeza kukumbuka.

Alikuwa mpishi wa shule ya msingi aliyestaafu, mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti iliyozoea kuita watoto kutoka upande wa pili wa uwanja. Hakuwa na mume. Aliishi ghorofa ya tatu na kaka yake Evelio, ambaye zamani alikuwa dereva wa basi na ndiye aliyeanzisha mchezo wetu, kabla kiharusi hakijamlaza na kumwachia upande mmoja tu wa mwili. Clodomira hakuwahi kutuambia kwamba maisha yake yalikuwa magumu. Aliniambia mara moja tu kwamba kumgeuza Evelio kitandani kunataka ujuzi uleule wa kugeuza keki ya trei kubwa: usisite katikati.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kabla majaji wa tamasha hawajatangaza matokeo, kila mmoja wetu alitaja kwa sauti, mbele ya wengine, filamu moja ambayo ingetwaa tuzo kuu. Hakuna aliyeandika. Kila mtu alikuwa shahidi wa mwenzake, na kila mtu aliilinda kauli ya mwenzake kwa wivu zaidi kuliko ya kwake. Kanuni ilikuwa moja, nayo aliiweka Evelio mwenyewe enzi za afya yake: asiyeona filamu haitabiri. Zawadi pia ilikuwa moja, na asiyewahi kusimama foleni ya Desemba katika jiji letu hawezi kuijua thamani yake. Mshindi alishikiwa mahali tamasha zima la mwaka unaofuata.

Foleni yetu ina adabu zake. Ukifika unauliza, "Wa mwisho nani?" Mmoja anainua mkono, nawe tangu hapo uko nyuma yake, hata ukienda kununua karanga. Lakini ukikawia, foleni inakusahau. Na mtu akitaka kumshikia rafiki yake asiyekuwepo, walio nyuma wanapiga kelele kama wameibiwa. Mshindi wetu peke yake ndiye hakupigiwa kelele. Alikuja milango ikifunguliwa, ameoga, amepumzika, akaingia mahali pake kama balozi. Kwa miaka kadhaa balozi huyo alikuwa Fabricio Oquendo, mpima macho, mtu mrefu anayenukia manukato ya ndimu, ambaye alitabiri kwa kusoma magazeti yote na kuuliza kila mtu aliyemjua mtu.

"Mpima macho," Clodomira alimtania, "wewe huoni filamu, unaona wanaoziona."

"Na nani anashikiwa mahali, bibiye?"

"Wewe. Ndiyo maana miguu yako laini kama ya mtoto mchanga."

Yeye na Evelio walikuwa na kauli moja kati yao wawili. Clodomira alitazama filamu, alirudi nyumbani, alimsimulia kaka yake, na Evelio ndiye aliyeamua. Sote tulilijua hilo, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hawakuwahi kushinda.

Mwaka ninaouzungumzia, nilitazama na wenzangu wa foleni, alasiri moja, filamu ndogo kutoka Paragwai. Mzee mmoja, fundi wa kuweka sawa sauti za piano, anaburuta piano juu ya mkokoteni wa ng'ombe kuvuka nchi nzima, ampelekee binti yake ambaye hasemi naye. Taa zilipowaka niliona thamosi ya kahawa ya Clodomira imesahauliwa kwenye kiti cha ukingoni karibu na mlango, alikokaa siku zote, kwa ajili ya goti lake, alivyosema. Nikaichukua, na jioni ileile nikapita kwao kuirudisha.

"Ingia, Msomi," aliniitikia kutoka ndani, kwa jina ambalo foleni ilinipa bila kuniuliza. "Kaa hapo. Usiseme kitu, tuko mtoni."

Kweli walikuwa mtoni. Evelio alilala akiwa ameegemezwa mito, uso wake mwembamba umeelekea kwa dada yake, na Clodomira, katikati ya chumba, alikuwa ng'ombe wawili na mzee mmoja wanaovuka maji. Piano ilikuwa inataka kuanguka. Mkono mzima wa Evelio ulishika shuka. Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo saa chache zilizopita, nikiwa na macho yangu mawili, wala sikuwa nimeogopa hivyo.

Kisha mkokoteni ukaingia kwenye uwanja wa nyumba ya binti. Nilijua kinachofuata: nyumba tupu, mlango unaopigwa na upepo, mzee anaiacha piano nje na ng'ombe wanaanza kula majani kuizunguka. Picha ndefu, kisha giza. Nilikuwa hata nimetayarisha maneno ya kuisifu.

"Binti hafungui," alisema Clodomira. "Mzee anabisha, hafungui. Basi anashusha piano palepale uwanjani. Anafungua kifuniko, anaanza kuiweka sawa. Sauti moja moja. Ting. Ting. Na moja anaiacha mbovu, makusudi. Anaipiga hiyohiyo. Anaipiga tena. Tena. Sasa huyu binti amekulia chini ya piano, Evelio, sikio analo la baba yake. Atavumilia mpaka lini? Mlango unafunguka. Anatoka na aproni. Hamsalimu. Hamkumbatii. Anasimama karibu naye, anamwambia tu, 'Hiyo bado.'"

Evelio alifumba macho. 

"Ndiyo hii," alisema kwa ulimi wake mzito.

"Wote wanasema ile ya Ajentina," nikasema, "ile ya ukoo wa wachinjaji."

"Waseme. Ndiyo hii."

Nilifungua kinywa nimsahihishe Clodomira, nikakutana na macho yake, nikakifunga. Akaenda kuchemsha kahawa. Evelio aliashiria nisogee, akaniambia kwa shida jambo ambalo dada yake hakupenda litajwe. Migdalia, jirani wa ghorofa ya chini aliyekaa naye kila alasiri ya tamasha kabla ya kwenda zamu yake kwenye kiwanda cha mikate, alikuwa anahamia Camagüey kwa binti yake. Daktari alikuwa amesema Evelio anaweza kuachwa peke yake kwa muda wa filamu moja, akiwa amelala. Muda wa filamu pamoja na foleni, hapana.

"Tusiposhinda," alisema, "mwakani haendi."

"Nitapumzisha miguu," Clodomira alijibu kutoka jikoni.

"Wewe utapumzisha miguu. Mimi nipumzishe nini?"

 Nilikunywa kahawa yangu nikijua sasa kwamba mchezo tuliouchukulia kama njia ya kuua wakati, katika chumba kile haukuwa mchezo. Na waliuweka mzima juu ya filamu ambayo mmoja wao, kwa jinsi nilivyoona mimi, hakuielewa, na mwingine hakuiona.

Clodomira alinisindikiza hadi kwenye ngazi, na hapo sikuweza kujizuia.

"Lakini mwisho haukuwa vile. Nyumba ilikuwa tupu."

Aliniangalia kidogo, bila hasira.

"Msomi, ukifika kwako, unamsimulia nani?"

"Simsimulii mtu."

"Basi mwisho wako acha ubaki hivyohivyo."

Nilishuka nikiyachukulia maneno hayo kuwa ukaidi wa mtu aliyeshikwa kosa. Nilifikiri jibu zuri nilipofika barabarani, kama kawaida yangu.

Siku ya kutaja ilipofika, foleni nzima ilitaja wachinjaji wa Ajentina, mimi nikiwemo. Ilipofika zamu yake, Clodomira alisema, "Piano."

"Ile ya ng'ombe?" Fabricio aliuliza. "Bibiye, ile hata ng'ombe wenyewe walisinzia."

"Piano," alirudia, akaendelea kumenya karanga.

Jioni matokeo yalisomwa redioni. Nilikuwa nikiosha vyombo. Walipotaja ile ya Paragwai niliacha maji yakitiririka, na nilichokiona hakikuwa mzee wala piano. Niliona mkono mmoja umeshika shuka.

Filamu zilizoshinda huonyeshwa tena siku ya mwisho, na foleni yake huwa ndefu kuliko zote, kwa kuwa wanakuja hata wale ambao mwaka mzima hawajui sinema iko mtaa gani. Tulimkuta Clodomira amekwisha fika. Alivaa gauni lenye maua na alikuwa amechana nywele vizuri. Wenzetu walimbusu, wakamwita balozi, mmoja akamfanyia saluti. Fabricio peke yake alisimama pembeni, akifuta miwani yake.

"Mimi sina ubaya," alisema hatimaye. "Lakini kanuni ni kanuni, na ni ya Evelio mwenyewe. Asiyeona haitabiri. Hii kauli ni ya nani? Ya Evelio. Evelio ameona?"

"Ameona dada yake!" alipaza sauti mmoja wa nyuma.

"Dada ameona. Vizuri. Ameona yote? Clodomira, mama, usikasirike. Tuambie tu, inaishaje?"

 Nilitamani goti langu mimi ndilo liume, nipate sababu ya kuondoka.

"Binti anatoka," alisema Clodomira. "Anamwambia, 'Hiyo bado.'"

"Binti gani?" Fabricio aligeukia watu, mikono wazi. "Jamani, binti gani? Hamna binti! Nyumba tupu, mlango unapigapiga! Msomi, wewe uliiona. Sema."

Wote walinitazama. Ningeweza kusema kweli, na Clodomira angekosa Desemba zake. Ningeweza kusema uongo, na ningekuwa mtu aliyesema uongo kuhusu filamu, jambo ambalo katika ujinga wangu niliona ni zito. Nikasema kwamba tungeitazama upya muda si mrefu, na kila mmoja angejionea.

"Jibu la mtu mwenye digrii," alisema mama mmoja nyuma yangu. "Halishibishi wala haliui."

"Sawa," alisema Fabricio. "Ndani tutaona. Binti akitoka, mimi mwenyewe namshikia mahali."

Tuliingia. Siku hiyo Clodomira hakukaa ukingoni. Alikaa katikati ya safu, kati yangu na Fabricio, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama mtu aliyealikwa harusini. Nilimtazama zaidi kuliko nilivyotazama filamu. Mzee alianza safari, alivuka mto, alilala chini ya mkokoteni, Clodomira hakusogea. Kadiri nyumba ya binti ilivyokaribia, ndivyo alivyosogea mbele ya kiti, hata nikashangaa mtu aweze kuisubiri namna ile picha itakayomuumbua. Mkokoteni ukaingia uwanjani. Mzee akavuta kamba, ng'ombe wakasimama.

Na umeme ukakatika.

Asiyejua ukumbi wa Havana wakati kama huo hajui kelele. Watu walipiga miguu sakafuni, wakapiga miluzi, wakamtaja mama wa umeme na bibi yake. Mhudumu alipita na tochi akitangaza kwamba hakuna anayejua utarudi lini. Watu hawakuondoka. Walisubiri, kisha wakachoka kusubiri, na sauti moja kutoka nyuma ikaita, "Kuna aliyeiona? Tuambieni basi inaishaje, tukapike!"

Fabricio alisimama mara moja. Kwa haki niseme kwamba alikuwa na ukweli mkononi.

"Nyumba tupu," alitangaza. "Mlango unapigwa na upepo. Mzee anaiacha piano nje. Mwisho."

Ukumbi mzima ukamzomea.

"Kaa chini!"

"Na ng'ombe wote wale, nyumba tupu?"

"Wewe mwenyewe ndiyo nyumba tupu!"

Sijui ni nini kilichonisimamisha. Mimi si mtu wa kupaza sauti; wanafunzi wangu wamezoea kuniomba nirudie. Lakini nilijikuta nimesimama gizani, nikisema, "Clodomira! Simulia, Clodomira."

Hakusimama upesi. Nilisikia pumzi yake, nikasikia mkoba ukiwekwa chini. Kisha sauti ile ya uwanja wa shule ikainuka, nayo haikuwa ya kupayuka. Ilikuwa ya chini, yenye nafasi, ya mtu anayepapasa ngazi kwa mguu kabla ya kukanyaga. Mzee anabisha. Hafunguliwi. Anashusha piano, na tulisikia uzito wake. Anafungua kifuniko. Ting. Nyuma kabisa mtu aliguna. Ting. Ukumbi ule uliokuwa ukitukana umeme ulinyamaza hata nikasikia, ningeweza kusema, miali ya tochi ikitembea ukutani. Clodomira alipiga ule uzi mbovu kwa ulimi wake, akaupiga tena, akaupiga tena, hadi mwanamke mmoja asiyejulikana akalalamika, "Ee, mfungulie jamani!" Na mlango ukafunguka. Na aproni. Na yale maneno mawili.

Walipiga makofi gizani. Watu waliokuja kuona wakaondoka wamesikia, na hakuna aliyedai arudishiwe chochote.

Nje, mwanga wa alasiri ulituumiza macho. Fabricio alitembea hadi kwenye kona, kisha akasimama mbele ya Clodomira.

"Ile si filamu niliyoiona mimi," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Lakini mtu asiyeiona hawezi kuisimulia vile. Hilo nalikubali." Alivaa miwani yake. "Kauli yenu inahesabika. Mwakani uko mbele yangu, na atakayepiga kelele ataonana na mimi."

Clodomira alimshika shavu, kama alivyokuwa akiwashika watoto wa shule, akasema hana budi kuwahi, Evelio anasubiri kusikia. Tulimtazama akiteremka mtaa na gauni lake la maua, haraka kuliko goti lake lilivyostahili.

Alishikiwa mahali Desemba iliyofuata, na sheria ikapindishwa kimyakimya, akashikiwa na nyingine baada ya hiyo. Fabricio ndiye aliyesimama mbele au nyuma ya nafasi ile wazi, akiilinda kwa mwavuli. Nami niliacha kumsahihisha, hata kimoyomoyo, ingawa bado niliamini kwamba alikuwa akiona kile tulichokiona na kukibadilisha kwa sababu ya moyo wake mwema. Nililisimulia hilo kwa watu kadhaa, nikijisikia mwerevu.

Evelio alipofariki, Migdalia alisafiri kutoka Camagüey kuja kumpa Clodomira pole. Nilimkuta jikoni kwao akikata mkate, wakati Clodomira amelala kidogo. Tulizungumza kuhusu tamasha, kuhusu zile alasiri alizokaa na mgonjwa, nami nikasema kwamba lazima alikuwa akichelewa kazini, maana filamu zile zilikuwa ndefu.

"Hata siku moja," alisema. "Zamu yangu ilianza kabla filamu haijaisha. Clodomira alikuwa anatoka mapema, anakuja mbio, anahema, ananiambia nenda, nenda. Mwisho hakuuona hata mmoja. Aliutunga njiani, kwenye ngazi."

Nikauliza kuhusu siku ile ya piano, ya gauni la maua.

"Ah, ile," alisema Migdalia. "Siku ile nilibadilishana zamu. Nilikuwa nahama, sikuwa na kitu cha kumwachia. Nikamwambia aende akae mpaka mwisho."